Watoto Niliowakataza Kuandika Kitabuni

Nimerudisha koti la mvua, mkoba wa ngozi na orodha ya familia nilizokuwa ninazitembelea. Biro, yaani ofisi yetu mjini Kasongo, imenipa karatasi ya kushukuru yenye jina langu lililokosewa herufi moja. Kilichobaki mkononi mwangu ni yale niliyojifunza, na ninyi mnaoendelea na kazi mmeniomba niyaandike. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilivipata vichache na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu. Nitasema mambo ya vitabu, ya akina mama, na ya msichana mmoja wa kijiji cha Wamaza. Mkiona hasira humu ndani, msiidhanie kuwa ya uzee. Nilikuwa nayo tangu zamani, ila nilikuwa na kazi nyingi.

Kazi yetu mnaijua, lakini huenda karatasi hizi zikamfikia asiyeijua. Katika eneo la Kabambare, mashariki mwa Kongo, kuna watoto wasio na shule ya kwenda. Kwingine shule ilifungwa walimu walipokimbia na haikufunguliwa tena, kwingine iko mbali na wazazi wanaogopa njia, na kwingine familia inahama kila mara kufuata mashimo ya dhahabu. Watoto hao wanafundishwa nyumbani na mama, baba au dada mkubwa. Sisi kutoka Kasongo tunawachagulia vitabu vya mazoezi, tunavipeleka kwa pikipiki au kwa miguu, tunamwonyesha mzazi namna ya kuvitumia, kisha tunarudi kila baada ya miezi miwili kuona mtoto amefika wapi.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mwalimu Feruzi, mzee aliyefanya kazi hii kabla yangu. Alipanga vitabu kumi mezani akaniambia nichague kimoja cha kumpelekea mtoto wa mwaka wa tatu. Nilichagua chenye jalada zuri, lenye rangi nne. Akachovya kidole kwenye kikombe chake cha chai, akadondosha tone moja kwenye ukurasa wa katikati. Karatasi ikavimba, maandishi yakaingiliana.

"Hiki kimekufa kabla ya kuvuka mto Luama," akasema. "Chagua kingine."

Cha pili alikipima kwa gomu la kufutia. Aliandika kwa kalamu ya risasi, akafuta, akaandika tena palepale, akafuta. Mara ya nne karatasi ikatoboka. Cha tatu kilipita maji na gomu, nikafurahi. Akamwita mke wake kutoka jikoni.

"Mama, soma hapa, kisha umuelezee huyu mwalimu mupya anaombwa afanye nini."

Mama yule alifuta mikono, akasoma Kifaransa polepole, akafikiri. "Sijue. Inasema tupange kitu, lakini haisemi kitu gani."

"Basi kirudi mahali yake," Mwalimu Feruzi akajibu, akanigeukia. "Mutoto hawezi kukaa na kitabu peke yake. Chagua kitabu ya ule atakayekaa pembeni yake."

Nimekuwa ninachagua hivyo tangu siku ile. Fungueni katikati, kwa sababu kurasa za mwanzo huwa nzuri katika kila kitabu. Angalieni kama kuna mfano uliokwisha kufanywa kabla ya zoezi, maana mama aliyeacha shule mwaka wa nne ataufuata mfano ule hata asipoelewa maelezo. Kilichobandikwa kwa gundi tupu kishoneni kwanza kwa uzi, la sivyo kitafika Kabambare kikiwa rundo la karatasi. Na kama majibu yako nyuma, yakateni kwa wembe, muyahifadhi Kasongo. Si kwamba watoto ni wezi. Jibu likiwa karibu, hata mama aliyechoka na shamba atachungulia.

Sasa niseme la kwanza lililonikasirisha. Kuna miaka ambayo tulikuwa tunaletewa maboksi ya vitabu kutoka mbali, na tunatakiwa kuyapokea tukipiga makofi. Zoezi la kwanza la kimoja lilimtaka mtoto ahesabu watu waliotengenezwa kwa theluji. Mama mmoja wa kijiji cha Lusangi aliniuliza kama ile nyeupe ni unga wa mihogo, na kama ni unga, kwa nini watu wanauchezea. Nilipoandika ripoti kwamba vitabu havifai, nilijibiwa kwamba watoto wanahitaji kufunguliwa macho. Macho ya watoto wa Lusangi yalikuwa wazi kabisa. Aliyeandika kitabu ndiye aliyekuwa hajawahi kuwaona.

Hukohuko Lusangi nilimkuta mtoto wa mchimbaji aliyetoka Kivu, ambaye karatasi ya kupimia maendeleo, tuliyopewa pamoja na vitabu, ilisema hajui vipimo. Hakujua kuandika gramu. Lakini baba yake alikuwa anapima dhahabu kwa vijiti vya kiberiti, na mtoto aliweza kukuambia bila kukosea vijiti vingapi vinalingana na nini, na ukikata kimoja nusu itakuwaje.

"Mwalimu," baba akaniambia, "mutoto wangu anajua kupima kuliko ule aliyetengeneza hii kitabu."

"Najua, Baba. Tutatumia vijiti mpaka afike kwenye gramu."

"Na kule kwenye karatasi utaandika nini?"

Niliandika kwamba anajua. Nikaitwa biro kueleza.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu kulaumu wengine tu si haki. Vitabu vizuri vilikuwa vichache. Nyumba yenye watoto watano ilipata kitabu kimoja kwa kila somo. Mtoto wa kwanza akikijaza, wanne wanaomfuata hawana kitu. Kwa hiyo nilikataza kuandika ndani. Seremala wa Kasongo alinikatia mbao ndogo, tukazipaka unga mweusi wa ndani ya mawe ya redio, yaani betri, yaliyokufa, uliochanganywa na maji ya majani ya mihogo, zikawa vibao vya kuandikia kwa chaki. Mtoto anasoma swali kitabuni, anajibu kwenye kibao, mama anaangalia, kibao kinafutwa. Kitabu kinafungwa kwenye plastiki na kutundikwa juu ya moto wa jikoni, ambako mchwa hawafiki. Watu wa Wamaza waliniita Mama Usiandike. Watoto walikuwa wanaliimba jina hilo wakiona pikipiki, nami nilifurahi, nikidhani nimetengeneza jambo.

Na kwa kweli lilifanya kazi. Mama Mwamini, mkulima wa karanga wa Wamaza mwenye watoto wanne, alikuwa na vitabu vilivyobaki kama vilivyotoka dukani, na binti yake mkubwa, Mwamini, alikuwa amevimaliza vyote hadi vya mwaka wa sita. Nilimfuata msichana huyo miaka mitatu. Mama alimfundisha kugawanya kwa karanga zenyewe. Karanga arobaini na tatu, watu watano, kila mmoja apate ngapi.

"Nane, na tatu inabaki," Mwamini anasema.

"Na baki ni ya nani?"

"Ya mwalimu."

Mama anachukua tatu, anatafuna. Ilikuwa kanuni ya nyumba ile, na wadogo zake watatu walijifunza kugawanya haraka kwa kutafuta hesabu isiyo na baki, ili mama asile kitu.

Ulipofika mwaka wa Mwamini kufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mambo yalikuwa wazi. Mtoto aliyesoma nyumbani anaweza kuandikishwa, ila wenye kuandikisha wanataka uhakika kwamba alisoma. Bila mtihani ule hakuna sekondari. Mama Mwamini alimleta binti yake mpaka Kasongo, siku tatu njiani, vitabu vikiwa ndani ya plastiki mbili. Tukaenda pamoja kwenye biro ya kuandikisha. Sitasema ilikuwa ipi. Bwana aliyekuwa mezani akafungua kitabu cha hesabu, akapitisha kidole kwenye nafasi za majibu.

"Hii kitabu haina kitu."

"Iko na maswali yote, Baba," Mama Mwamini akajibu.

"Maswali naona. Majibu iko wapi?"

"Kwenye kichwa ya mutoto."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama, kitabu safi ni kitabu haikutumika."

Nilimweleza habari ya vibao, polepole, kama ninavyomweleza mzazi mpya. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyekataza.

"Na hizo vibao iko wapi?"

"Nyumbani. Lakini zinafutwa kila siku, Bwana. Ndiyo kazi yake."

"Basi hakuna."

"Kuna mutoto. Mumuulize swali moja tu. Chaki niko nayo, kibao iko kwenye mukoba."

"Miye si mwalimu, Mama. Miye naandikisha. Biro inaangalia vitabu." Akavisukuma kwa upande wetu. "Liste ya majina inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mukipata vitabu vya kweli, murudi."

Vya kweli. Mwaka wa sita wote wa mtoto, ukurasa kwa ukurasa, ulikuwa pale mezani, umefanywa na kufutwa, na mtu yule aliona karatasi tupu. Nilivikusanya vitabu nikatoka. Barazani karani kijana akatufuata.

"Mama Mwalimu, usijichokeshe bure. Mujaze tu hizo mbili za mwaka wa sita, ya hesabu na ya Kifaransa. Majibu si uko nayo? Siku mbili munamaliza. Wengine wote wanafanya vile."

Alisema kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko ukali wa bwana wake. Maana yake ni kwamba kwenye meza ile walikuwa wamepita watoto ambao vitabu vyao vilijazwa na kaka zao kutoka kurasa za nyuma, wakapokelewa. Uongo ulikuwa na njia yake iliyofagiliwa. Mtoto aliyesoma kweli hakuwa na njia.

Nyumbani kwangu tulikaa jikoni. Mama Mwamini aliviweka vile vitabu viwili kwenye mapaja.

"Majibu uko nayo kweli, Mwalimu?"

"Niko nayo. Iko kwenye kabati."

"Usitoe," Mwamini akasema. "Mama akiyaona, ataanza kunikosoa na mambo ya mwaka wa tatu."

Tulicheka, kisha mama akauliza lile lililokuwa limemkaa moyoni. "Kama anajaza na kalamu ya biki, wadogo zake watasomea nini? Asumani anaingia mwaka wa tano. Baada ya mwaka moja ni yeye." Asumani ndiye aliyemfuata Mwamini.

Sikuwa na kitabu kingine cha mwaka wa sita, na biro yangu haikuwa na kingine. Nilimwambia ukweli: ama binti mkubwa apate mtihani, ama watatu wabaki na vitabu. Mimi ndiye niliyewafikisha pale, kwa kanuni yangu niliyoipenda mno.

Mwamini alikuwa anahesabu kwa vidole. "Iko siku nane. Tunakopi maswali kwanza kwenye kaye, ukurasa yote, kisha miye najaza kitabu. Asumani atasomea kaye."

"Kurasa zote kwenye madaftari?" nikauliza.

"Tuko watu watatu. Na wewe unajua kuandika, Mwalimu, hata kama unakatazaka."

Basi tulianza asubuhi iliyofuata. Mama Mwamini alinakili Kifaransa, ambacho mengi yake hakuyaelewa, kwa kuchora kila herufi kama mtu anayesuka mkeka, na kaye yake ikawa safi kuliko yangu. Mimi nilinakili hesabu. Mwamini alitufuata nyuma akijaza vitabu, bila kurasa za majibu.

"Mwalimu, hii namba ine yako inafanana na tisa."

"Wewe jaza tu."

"Asumani akikosea nitamwambia ni Mama Usiandike."

Alipofika kwenye hesabu ya tramu iliyobeba watu saba, aliniuliza tramu ni nini. Nikamwambia ni kama treni ndogo inayotembea barabarani mjini.

"Kwenye kaye tuandike moto," akasema, kama wanavyoita pikipiki kwao.

"Watu saba kwenye moto moja?"

"Kama ni moto ya Kabambare, iko sawa," mama akasema bila kuinua kichwa.

Tuliandika moto. Mahali pengi tulibadilisha: matofaa yakawa maembe, bwawa la kuogelea likawa kidimbwi cha samaki. Mwamini alipokosea, sikumsahihisha. Nilijilazimisha kunyamaza, na mnajua hilo ni zito kwangu. Nilitaka kitabu kiwe chake, na makosa yake ndani. Jumatano tulimaliza. Alhamisi tulikuwa barazani kabla hawajafungua.

Bwana yule akapindua kurasa. Akasogeza kitabu karibu na dirisha.

"Wino ni mupya."

"Ndiyo," nikasema.

"Biki ni moja, mukono ni mumoja. Mumejaza wiki hii."

"Ulisema kitabu haina kitu. Sasa iko na kitu. Ulisema munaangalia vitabu. Angalia, Bwana."

"Nani ananihakikishia ni yeye aliandika?"

Vijana wangu, nimefundisha watu wengi, na nimeeleza jambo moja mara kumi bila kuchoka. Siku ile nilichoka. Nilimwambia, mbele ya benchi zima, kwamba hilo ndilo nililomwomba alihakikishe siku ya kwanza kwa kumuuliza mtoto, na kwamba kwa sababu yake vitabu viwili vya watoto watatu vimekufa. Sikupaza sauti. Karani kijana aliangalia viatu vyake.

Bwana alifunika ukurasa mmoja kwa mkono. "Shamba iko na urefu wa mita arobaini na nane, upana mita ishirini na saba. Muzunguko wake?"

Nilitoa kibao. Mwamini aliandika mistari mitatu. "Mita mia moja na makumi tano."

Bwana akainua mkono, akaangalia kitabuni, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hapa iko mia moja na makumi tatu. Ni kusema hukuandika wewe."

Mwamini aliinama kuona. "Ni miye. Nilisahau kubeba moja, Baba. Kwenye kitabu nilikosea. Ya kibao ndiyo ya kweli."

Bwana alitoa simu, akabonyeza tarakimu, akafuta, akabonyeza tena. Benchi zima lilimngoja. Msichana alikuwa amemaliza zamani. Akairudisha simu mfukoni bila kusema ilichomwonyesha, akavuta fomu.

Swali lile lilichukua muda mfupi kuliko kutafuta muhuri. Nawaandikia hili mlikumbuke, kwa sababu mtakutana naye, kwa jina lingine na meza nyingine. Tangu mwaka ule niliomba kila familia ibakize karatasi moja ya kazi ya mtoto kila wiki, yenye tarehe na sahihi ya mzazi, ishonwe kuwa kitabu. Endeleeni hivyo. Vibao msiviache, na kitabu kinachopaswa kulisha watoto watano msikiruhusu kijazwe na mmoja. Lakini jueni kwamba karatasi zile si za mtoto. Mtoto amekwisha kujua. Ni za watu wanaoweza kumtazama mtoto akihesabu mbele yao na bado wakatafuta wino.

Bwana aliandika jina, mahali pa kuzaliwa, jina la baba. Alipofika kwenye mstari wa shule, aliuruka.

"Hapa hapana kitu," akasema. "Hamukuwa na shule." Akatafuta muhuri kwenye droo, akageuka kuutafuta kabatini.

Mwamini alichukua biki iliyokuwa mezani, akavuta fomu, akaandika kwenye ule mstari uliorukwa: nyumbani, Wamaza, kwa mama yangu. Mama Mwamini, aliyesimama nyuma yake, alisoma neno kwa neno, midomo ikitembea.

Bwana alirudi na muhuri, akaona.

"Umeharibu fomu."

"Hapana, Baba," Mwamini akasema. "Nimeijaza."

Akaangalia benchi, akaniangalia mimi, akapiga muhuri.